Ruhusa ya Baba na Mama

Siku Anicet Niyongabo aliporudi kutoka hospitalini na mguu mmoja, lifti ya jengo lao la Overport, mjini Durban, ilikuwa imekaa miezi minne bila kufanya kazi. Wanaume wanne wa kanisani walimpandisha hadi ghorofa ya tatu akiwa amekalia kiti cha plastiki, wakihesabu ngazi kwa sauti kama watu wanaopandisha friji. Kwenye kona ya ghorofa ya pili mmoja aliteleza, na Anicet, mzee wa kanisa aliyezoea kupitisha sahani ya sadaka akiwa na tai shingoni, akapiga yowe mbele ya wapangaji waliotoka kuchungulia.

Tangu siku hiyo hakushuka tena. Ninahazwe, mkewe, aliondoka alfajiri kwenda saluni alikosuka nywele, akarudi saa moja jioni vidole vimevimba. Alimwachia uji kwenye chupa ya chai, ndoo kando ya kitanda, na simu. Wiki ya tatu alirudi akamkuta sakafuni mlangoni mwa choo. Alikuwa amelala pale tangu saa nne asubuhi, suruali imelowa.

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Ningempigia nani? Wewe uko na kichwa cha mteja mkononi."

Ninahazwe alimwosha, akambadilisha nguo, akamlaza. Kisha akachukua simu akatoka nayo kwenye korido, akampigia mtu ambaye walikuwa wamekubaliana kutomtaja ndani ya nyumba ile.

Mtu huyo alikuwa mtoto wao wa pekee, Armel. Miaka miwili na nusu nyuma alikuwa akitengeneza simu katika duka la Mkongo mmoja mjini, na nusu ya kodi ya nyumba ilikuwa juu yake. Halafu siku moja alinyoa kipara, akaenda kuishi na watawa wa Kibuda katika msitu mmoja milimani, mwendo wa saa mbili kwa gari kutoka Durban. Huko walimpa jina jipya, Khemako, ambalo baba yake hakuwahi kulitamka. Kanisani Ninahazwe alisema kijana amepata kazi Johannesburg.

Armel alikuwa bado mwanagenzi. Kanuni ya watawa wake haikuruhusu mtu kuwa mtawa kamili kabla baba na mama hawajaridhia. Barua ya kuomba ruhusa iliandikwa kwa jina la Anicet peke yake. Aliichana vipande vinne, akavitia katika bahasha, akavirudisha kwa posta.

Ninahazwe aliporudi kutoka korido alisema, "Mkubwa wao amekubali. Kanuni yao inamruhusu mtawa amtunze mzazi mgonjwa. Iko kibanda huko, hakina ngazi."

"Nikalale kwa wapagani?"

"Hapa umelala kwa choo, Baba Armel." Alikaa kitandani. "Enda. Akiona huo mguu, moyo utamrudi. Ila usirudi hapa peke yako. Umesikia? Mrudi wawili."

*

Anicet alitegemea kukuta sanamu za dhahabu na moshi wa ubani. Alichokuta ni vibanda saba vya matofali vilivyotawanyika msituni, ukumbi wa mabati, tenki la maji, na watawa watatu. Mkuu wao alikuwa mzee mfupi wa Sri Lanka mwenye kikohozi kisichoisha. Wa pili alikuwa Mjerumani mrefu. Wa tatu ni Armel. Hapakuwa na hata mmoja aliyezaliwa nchi ile.

Armel alimbeba kutoka kwenye gari kama anavyobebwa mtoto aliyesinzia. Mifupa ya bega lake ilimchoma Anicet kifuani.

"Umekonda."

"Tunakula mara moja tu kwa siku, baba. Kabla ya saa sita."

"Nilikuvusha mipaka minne mgongoni ili usilale na njaa. Sasa unalala nayo kwa kupenda?"

Armel alitabasamu kidogo, akamweka kwenye kiti cha magurudumu.

Kesho yake, yapata saa tano, alirudi kutoka vijijini na bakuli kubwa la chuma. Mlikuwa na ugali wa punjepunje wa Kizulu, maharage, yai la kuchemsha na kipande cha malenge. Alilishika kwa mikono miwili, akaliweka mbele ya baba yake kabla ya kuonja chochote.

"Umekipata wapi?"

"Nimepewa."

"Umeomba."

"Hatuombi. Tunasimama mlangoni. Mtu akipenda, anatia."

"Hata vipofu wa West Street wanasimama tu," alisema Anicet, akageuzia uso ukutani. Hakuligusa.

Armel alikaa chini pembeni, miguu ameikunja, hakubembeleza wala kunung'unika. Saa sita ilipopita alilichukua bakuli, akatoka nalo. Siku ya pili ilikuwa vivyo hivyo. Anicet hakuwa na njaa kali. Ninahazwe alikuwa amemfungia karanga, dagaa wa kukaanga na mikate mikavu, na kila alipoachwa peke yake alitafuna chini ya blanketi kama panya, akihakikisha makombo hayabaki.

Siku ya tatu alikuja mama mmoja jirani, mjane wa Kizulu aliyeitwa MaNgubane, kuchukua mashuka ya kufua. Anicet alikuwa amekaa Durban miaka kumi na sita akilinda magari ya watu kwenye maegesho ya maduka huko Morningside, Kizulu alikisikia vizuri. Mama yule alikung'uta shuka, karanga mbili zikadondoka sakafuni. Akazitazama. Kisha akamtazama yeye.

"Kumbe wewe baba unakula."

Anicet alivuta blanketi hadi kifuani.

"Mwanao hali. Unajua hilo? Amesema mzazi kwanza. Usipokula wewe, naye hatii kitu kinywani, na saa sita ikishapita, kwao mlango umefungwa mpaka kesho. Jana jioni nimemwona akinywa maji ya asali, basi." Aliziokota zile karanga, akaziweka juu ya meza moja baada ya nyingine. "Mimi si mtu wa dini yao. Mimi ni Mkristo wa kanisa la Sioni. Lakini hili si jambo la dini."

Alipotoka, Anicet alitazama saa yake ya mkono. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Armel alikuwa nje, kivulini, bakuli limefunikwa.

"Armel! Lete hicho chakula."

Alikula matonge matatu harakaharaka, bila kusikia ladha. "Haya, nimekula. Sasa kula wewe. Kula upesi, saa inakwenda."

Alikaa akimtazama mwanawe akila. Hakuwa amemwona akila tangu siku alipoondoka nyumbani. Alikula kwa utulivu, macho kwenye bakuli, wala hakufanya upesi kama alivyoamriwa. Saa sita kasoro dakika mbili alimaliza.

Kile kilichobaki katika mfuko wa Ninahazwe, Anicet alimpa MaNgubane awapelekee wajukuu.

*

Siku zikawa siku. Saa kumi alfajiri kengele iligongwa, na kutoka ukumbini ikaja sauti ya watawa wakisoma kwa pamoja, katika lugha ambayo haikuwa ya mtu yeyote pale. Jua likitoka, Armel alikuja na maji ya uvuguvugu, chumvi na bandeji. Alifungua kisiki cha mguu, akakiosha, akakikausha, akaangalia kama pana weusi. Alimwaga ndoo. Alimkata baba yake kucha. Anicet alikuwa amekuja amejiandaa kwa mahubiri, amekariri aya za kuyajibu, lakini mahubiri hayakuja. Mwisho wake ni yeye aliyehubiri. Alimhubiria kila asubuhi huku anaoshwa, na mwanawe akaitikia, "Ndiyo, baba," akaendelea kufunga bandeji.

Wiki ya tano Anicet aliomba apelekwe aone hiyo kazi ya kusimama milangoni. Armel alimsukuma kwa kiti cha magurudumu barabara ya vumbi, bakuli limening'inia begani. Kwenye boma la kwanza bibi mmoja alitia viazi, akapiga goti. La pili hapakuwa na mtu. Kwenye duka dogo la njia panda walikaa vijana wanne kwenye kreti za bia, na mmoja wao, aliyevaa kofia nyekundu, akasema kwa sauti, kwa neno la kuwatukana wageni wa nchi nyingine za Afrika:

"Eish, hawa makwerekwere! Walianza na kazi zetu. Sasa wamefikia hata chakula cha mdomoni."

Wenzake walicheka. Armel alisimama macho chini, muda uleule aliosimama kwa yule bibi. Kisha akainamisha kichwa kidogo, akakisukuma kiti. Anicet aligeuka mara mbili kumtazama yule wa kofia nyekundu.

"Kwa nini hukumjibu?" aliuliza walipofika mbali.

"Ningesema nini? Nachukua chakula kweli."

"Wanakudharau."

"Hata dukani kwenye simu walinidharau, baba. Ila kule nilitabasamu, kwa sababu ya mshahara."

Anicet aliiona ile miaka kumi na sita ya fulana ya njano ya mlinzi wa maegesho, akipiga mkono kifuani na kusema "sharp, boss", sawa bosi, kwa watu waliokuwa wakipandisha vioo vya magari. Walipofika chini ya miti, aliuliza kitu ambacho hakuwahi kukiuliza.

"Uliondoka nyumbani kwa sababu gani? Nikuelewe."

Armel alisimamisha kiti. Alifikiri sana, kama mtu anayetafuta chenji ndogo mfukoni.

"Nilichoka kuogopa. Karatasi za ukimbizi zikikaribia kuisha muda, naogopa. Watu wakipita barabarani wanaimba, nawaza wanakuja kuvunja duka. Unakumbuka ule mwaka walipowapiga wageni, tukajifungia siku nne? Tangu pale nililala na viatu. Miaka, baba. Nililala na viatu."

"Nilijua," alisema Anicet. "Niliona shuka. Nilidhani ni utoto, utaisha."

"Haukuisha. Hapa navivua."

*

Ninahazwe alikuja Jumapili moja mchana, mwezi wa tatu tangu Anicet afike, katika gari la Mchungaji Ezéchiel wa kanisani kwao. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Noeli. Alipomwona Armel akitoka ukumbini alimkimbilia mikono imefunguka. Armel akarudi nyuma hatua mbili, akakutanisha viganja mbele ya kifua.

"Samahani, mama. Siruhusiwi kumgusa mwanamke."

Mikono ya Ninahazwe ilibaki hewani. "Mwanamke? Kumbe mimi kwako ni mwanamke?"

"Unaona, mama?" alisema mchungaji taratibu, kwa huruma ya kweli. "Pepo gani huyu anayemtenga mtoto na tumbo lililomzaa?"

Walikaa kwenye benchi mbele ya kibanda. Ninahazwe hakutaka chai. Alitoa karatasi kwenye mkoba, akainyoosha juu ya goti. Mwenye nyumba alitaka watoke mwisho wa mwezi. Peke yake hakuweza tena kulipa. Alikuwa amepata chumba Queensburgh, uani kwa watu, choo cha kuchangia. Angalau kilikuwa chini.

"Peguy wa duka la simu amesema nafasi yako iko," alimwambia Armel. "Mwaka mmoja tu, mwanangu. Tusimame kidogo. Halafu kama bado unautaka huo msitu, urudi huko."

Armel aliketi chini, mbele ya wazazi wake. "Nilikuja hapa bila kuwauliza. Hilo lilikuwa kosa. Mkisema nivue hili vazi, nitavua leo."

Wote watatu wakamgeukia Anicet.

"Sema, mzee," mchungaji alisema. "Ni neno moja tu."

Ndilo neno alilotumwa kuja kulisema. Miezi mitatu nyuma lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Alitazama bandeji iliyofungwa asubuhi ile, kingo zake zimekunjwa sawasawa.

"Mchungaji," alisema, "huyu ameniosha kila siku tangu nifike. Kila siku. Ningekuwa mimi, siku ya kumi ningetafuta sababu. Na hajawahi kunitajia hiyo ruhusa hata mara moja. Mimi nilikuwa namngoja aitaje, nimkatalie."

"Kwa hiyo?" aliuliza Ninahazwe.

"Kwa hiyo sitalisema, Mama Armel. Samahani. Tutahamia hicho chumba."

Ninahazwe aliikunja karatasi. Alipozungumza, sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilimwumiza Anicet zaidi.

"Wewe umekaa hapa unaletewa chakula mbele. Mimi nimesimama, nasuka, narudi kwenye nyumba haina mtu. Sasa umeamua. Sawa. Walimwandikia baba, baba amejibu. Na mimi? Mimi nimeulizwa na nani?"

Ninahazwe alirudi garini, akafunga mlango.

*

Anicet alirudi Durban wiki moja kabla ya mwisho wa mwezi, kwa magongo mawili. Alipanda zile ngazi kwa makalio, moja moja, akivuta magongo nyuma yake. Ilimchukua dakika arobaini. Ninahazwe alifungua mlango, akamwona ameketi kwenye ngazi ya mwisho, jasho linamtiririka.

"Umerudi peke yako."

"Nimerudi nikusaidie kufunga mizigo."

Siku ya kuhama, gari dogo la monasteri lilikuja likiendeshwa na mfadhili mmoja wa Kihindi, na Armel akashuka. Anicet alikaa kando ya barabara akilinda vyombo, kazi ambayo aliijua. Aliona wapita njia wakipunguza mwendo, aliona simu zikielekezwa mlangoni. Kijana mweusi mwenye kipara, amejifunga vazi la kahawia hadi juu ya magoti, alikuwa akishusha friji mgongoni ghorofa tatu. Ninahazwe alikuwa nyuma yake na upande mmoja wa godoro. Mama Clementina wa kwaya, aliyekuwa amekuja kusaidia, alisimama katikati ya ngazi.

"Ninahazwe! Si ulisema Armel yuko Johannesburg?"

"Nilidanganya. Shika upande huo."

Walipomaliza kupanga vitu Queensburgh, bado jua lilikuwepo. Chumba kilikuwa kidogo, kitanda kikiingia, mlango haufunguki wote. Anicet alilala, dirisha wazi juu ya kichwa chake. Nje, Armel alikuwa ameinama kwenye bomba la uani lililokuwa likivuja, akikaza nati kwa spana ya mwenye nyumba. Ninahazwe alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Niulize," alisema Ninahazwe.

"Nini, mama?"

"Unajua. Baba yako ulimwandikia. Mimi niulize kwa mdomo."

Spana ilinyamaza. Anicet, bila kuinua kichwa, alijua mwanawe amepiga magoti kwenye saruji iliyolowa.

"Mama, naomba uniruhusu niwe mtawa."

"Kabla sijasema. Utakuja kumtazama baba yako?"

"Kila mwezi. Mkuu amekubali."

"Na nikiugua mimi?" Sauti ya Ninahazwe ilikuwa imeshuka. "Sisemi baba. Mimi. Nikianguka pale chooni, na hapa hakuna mtu mwingine. Utasimama mlangoni umekutanisha mikono?"

Maji yalidondoka kwenye bomba, tone baada ya tone.

"Nitakushika, mama," alisema Armel. "Nitakuinua, nitakuosha, nitakulaza. Halafu nitarudi kwa mkuu, nikaungame."

"Watakufukuza?"

"Hapana. Watanisikiliza, kisha tutaendelea."

Anicet alisikia ndoo ikisogea.

"Basi," alisema Ninahazwe. "Kaza hilo bomba, halafu uende. Yule Mhindi anangoja kwenye jua."

*

Siku Armel alipofanywa mtawa kamili, watawa wengine walikuja msituni kutoka mbali kukamilisha idadi inayotakiwa na kanuni, mmoja akitoka Tanzania. Wafadhili wa Durban walileta chakula. MaNgubane alikuja amevaa joho lake jeupe la Kisioni, akaketi mstari wa mbele bila kumwomba mtu. Mchungaji Ezéchiel hakuja, lakini aliwalipia Anicet na Ninahazwe mafuta ya gari.

Kabla ya kuanza, Ninahazwe alimfuata yule Mjerumani, akamwomba amweleze maswali ambayo Armel angeulizwa. Yule mtawa alimtajia yote, kwa mpangilio. Huulizwa kama ana maradhi. Huulizwa kama ni binadamu, kama ni mtu huru, kama hayumo katika utumishi wa serikali, kisha kama baba na mama wamemruhusu.

"Kama ni binadamu!" Ninahazwe alimnong'oneza mumewe waliporudi kwenye mkeka. "Wanadhani nimezaa nini?"

"Sikiliza, Mama Armel."

"Nasikiliza. Nahesabu."

Mkuu aliketi mbele, akakohoa, akaanza. Swali kwa ile lugha yao, jibu kwa ile lugha yao. Armel alikuwa amechuchumaa mbele ya watawa, kipara kinang'aa, viganja vimekutana. Anicet alijaribu kufuata, akapotea kwenye la tatu. Kando yake Ninahazwe alikuwa akikunja kidole kimoja kila mkuu alipotua. Alikunja cha uhuru. Alikunja cha utumishi wa serikali.

Mkuu akauliza tena, kwa sauti ileile isiyopanda wala kushuka. Kabla Armel hajafungua kinywa, Ninahazwe alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kutosha kufika mwisho wa ukumbi:

"Ndiyo. Tumemruhusu. Mimi na baba yake."

Watu waligeuka. Mjerumani aliinamisha kichwa. Mkuu alimtazama mama yule, hakumkemea, akamgeukia tena Armel na kungoja. Kwa kanuni, jibu lazima litoke kinywani mwa anayeulizwa, na Armel ilimchukua muda kulipata.